Mvua ya Shinyanga Huenda Wapi?

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno matano ya somo la leo. Maneno yenyewe ni haya: bonde, ardhi oevu, mkataba, zebaki, jirani. Yasomeni pamoja, polepole, kwa sauti.

Vema. Maneno manne ya kwanza tutayaeleza katika somo. Neno la tano mnalijua tangu utoto, nalo ndilo kubwa kuliko yote leo.

MAJI YA PAA LENYE PANDE TATU

Fikiri kwamba umesimama mlangoni pako na mvua inanyesha. Maji yanashuka kwenye bati, yanapita uani, yanaingia mtaroni. Kutoka hapo yanakwenda wapi? Utajibu, "Yanakwenda mtoni." Ndiyo. Na mto unakwenda wapi?

Nchi yote ambayo maji yake hukusanyika katika mto mmoja au ziwa moja huitwa bonde la mto huo au ziwa hilo. Mahali palipoinuka ndipo maji yanapogawanyika. Tazama paa la nyumba: mvua ni moja, lakini maji mengine huanguka mbele ya nyumba na mengine nyuma. Mikoa ya Shinyanga na Geita ni kama paa hilo, ila paa hili lina pande tatu.

Upande wa kwanza ni wa kaskazini. Maji yanayotelemka kuelekea Mwanza na pwani ya Geita huingia Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina mto mmoja tu wa kutoka, nao ni Naili, uanzao Jinja katika Uganda. Maji hupita Sudani Kusini na Sudani, hufika Misri, na mwisho huingia katika bahari ya Mediterania.

Upande wa pili ni wa magharibi. Maji ya Bukombe na ya sehemu za Kahama huelekea katika mabwawa makubwa ya Kigosi na Moyowosi. Huko huungana na mto Malagarasi, ambao chimbuko lake liko mpakani mwa Tanzania na Burundi. Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Ziwa Tanganyika nalo hutoa maji yake kwa mto Lukuga, ambao huyafikisha katika mto Kongo na bahari ya Atlantiki.

Upande wa tatu ni wa kusini. Maji huingia mto Manonga, hupita mbuga za Wembere, hufika Ziwa Kitangiri, halafu hufuata mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi. Hapo ndipo mwisho wa safari. Eyasi haina mlango wa kutokea. Maji hukaushwa na jua, na chumvi hubaki.

Basi mvua ya siku moja, iliyonyesha juu ya watu wa mikoa miwili, huweza kufika kwa watu wa Cairo, kwa watu wa Kongo, na kwa jua la Eyasi. Ndiyo maana nasema kwamba majirani zako ni wengi kuliko unaowaona ukisimama mlangoni.

ARDHI OEVU NI KAZI GANI?

Ardhi oevu ni nchi inayokaa na maji kwa mwaka mzima au kwa sehemu ya mwaka. Bwawa la mafunjo ni ardhi oevu. Matete ya ukingo wa ziwa ni ardhi oevu. Hata mbuga nyeusi inayojaa maji wakati wa masika, ile mnayolima mpunga katika majaruba, ni ya jamii hiyo.

Watu wengine huidharau ardhi ya namna hii. Husema ni mahali pa mbu tu. Lakini ardhi oevu hufanya kazi tatu bila kulipwa mshahara. Kwanza, hupokea mafuriko na kuyatoa kidogo kidogo, hivyo mto hauishi maji upesi wakati wa kiangazi. Pili, huchuja tope, kama kitambaa kinavyochuja maji ya kunywa. Tatu, ni mahali pa samaki kutagia na kukuzia watoto wao.

Mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi yana sifa kubwa. Mwaka 2000 yaliandikwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu, ile ya Mkataba wa Ramsar. Yalikuwa ya kwanza kuandikwa kutoka Tanzania. Eneo lake ni zaidi ya kilometa za mraba 32,000. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Nchi ikiandikisha ardhi yake katika mkataba huo, ardhi inabaki kuwa yake, lakini nchi hiyo imeahidi mbele ya wenzake kwamba itaitunza.

BARUA YA MWAKA 1929

Sasa tutazame jinsi karatasi iliyoandikwa mbali inavyoweza kugusa mtungi wa maji nyumbani kwako.

Mwaka 1929 Uingereza ilikuwa ikitawala Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwaka huo Serikali ya Uingereza na Serikali ya Misri ziliandikiana barua na kupatana. Katika mapatano hayo ilisemwa kwamba kazi yoyote ya kumwagilia mashamba au ya kutoa umeme isifanywe katika Naili, mito yake au maziwa yake, bila ya Misri kukubali, kama kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri. Watu wa Usukuma hawakuulizwa. Watu wa Uganda na Kenya pia hawakuulizwa.

Mwaka 1959 Misri na Sudani zilipatana tena. Ziligawana maji ya Naili kwa hesabu: Misri ilichukua mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudani bilioni 18.5. Nchi nyingine hazikutajiwa fungu.

Tanganyika ilipata uhuru wake Desemba 1961. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani. Ilisema kwamba mapatano ya 1929 hayaifungi Tanganyika huru. Lakini sikilizeni vizuri jambo la pili. Tanganyika ilisema pia kwamba iko tayari kukaa na nchi nyingine na kupatana juu ya maji hayo kwa haki. Haikusema, "Maji ni yetu peke yetu." Ilikataa kutoulizwa, ikakubali kuulizana.

Tusiwafikirie Wamisri kuwa watu wabaya. Nchi yao karibu yote ni jangwa. Mvua yao ni haba sana. Mkulima wa Misri akiutazama mto, anatazama chakula cha watoto wake. Hofu yake ni ya kweli. Lakini kiu ya mama wa Shinyanga nayo ni ya kweli.

BOMBA LA IHELELE

Wazee wa Shinyanga na Kahama wanaijua taabu ya maji. Wakati wa kiangazi malambo hukauka, na mama huamka usiku kwenda kuchimba mchanga wa mto ili kupata ndoo moja ya maji. Na huko kaskazini, si mbali sana, liko ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika.

Serikali ya Tanzania iliamua kuyaleta maji hayo. Mitambo ilijengwa Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, mkoa wa Mwanza. Maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, husukumwa mpaka juu ya kilima, kisha hutelemka kwa bomba mpaka Shinyanga na Kahama. Mwaka 2004, habari za kazi hiyo zilipoenea, malalamiko yalisikika kutoka Misri, na mapatano ya 1929 yakatajwa tena. Tanzania iliendelea na kazi. Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete aliufungua mradi huo. Baadaye bomba lilisogezwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora.

Je, bomba hili linaipunguzia Misri maji? Chukueni kalamu, tufanye hesabu.

Mitambo ya Ihelele ilijengwa iweze kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madebe 50. Basi mitambo huweza kutoa madebe milioni nne kwa siku. Ni mengi!

Lakini pale Jinja, maji yanayotoka ziwani kuingia Naili ni kama mita za ujazo 1,000 kwa kila sekunde. Hupungua na kuzidi, lakini tuchukue hesabu hiyo. Gawanya 80,000 kwa 1,000. Umepata ngapi? Umepata 80. Maana yake ni kwamba maji ambayo Ihelele huyatoa kwa siku nzima hupita Jinja kwa sekunde 80 tu, yaani dakika moja na sekunde ishirini.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mji mmoja ukinywa maji, mto haukauki. Pili, watu wakibishana juu ya maji, dawa ya kwanza ni kupima. Asiyepima hubishana kwa hasira. Aliyepima huweza kupatana. Ndiyo sababu nchi za bonde moja zinahitaji kupeana vipimo vya mito na mvua. Na kama nchi moja ikitaka kumwagilia mashamba makubwa sana, hesabu itakuwa nyingine, na majirani watakuwa na haki ya kuuliza.

SISI NASI TUNA WATU WALIO JUU YETU

Mpaka sasa tumesema habari za Misri, ambayo iko chini yetu katika mkondo. Je, hakuna aliye juu yetu? Yuko.

Mto Kagera unatoka Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliona mmea mgeni katika Ziwa Victoria. Una majani ya kijani na maua mazuri ya zambarau, nao huelea juu ya maji. Tuliuita magugu maji. Ulikuwa umeletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini, ukashuka na Kagera mpaka ziwani. Katika miaka ya 1990 ulifunga bandari, ukazuia mitumbwi, ukaziba mahali pa kuteka maji. Mvuvi alikuwa akitazama ziwa na asiweze kulifikia.

Sasa fikiri. Tanzania ingeweza kung'oa magugu yote ya upande wake. Wiki inayofuata upepo ungeleta mengine kutoka upande wa Uganda au Kenya. Kazi ya mmoja ingekuwa bure. Kwa hiyo mwaka 1994 nchi hizo tatu zilipatana kulitunza ziwa pamoja. Wadudu wadogo wanaokula mmea huo peke yake walizalishwa na kuachiliwa katika nchi zote tatu, na watu waling'oa kwa mikono. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 magugu yalikuwa yamepungua sana. Hayakwisha, hurudi kila maji yanapopata mbolea nyingi na uchafu. Ndiyo maana kazi ya pamoja haina siku ya kumalizika.

Kumbe sisi tuko juu ya wengine, na wengine wako juu yetu. Tunapoiambia Rwanda, "Tafadhali tunza Kagera," tujue kwamba kuna mtu anayetuambia sisi maneno hayo hayo.

ZEBAKI YA GEITA

Hapa nataka ndugu zangu wachimbaji wadogo wa Geita wasogee karibu na redio.

Dhahabu imejenga nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi. Hatulaumu kazi. Tunatazama namna ya kuifanya. Mawe hutolewa katika duara, husagwa katika karasha, huoshwa kwenye mwalo. Kisha mchimbaji hutia zebaki. Zebaki ni madini yanayong'aa kama fedha, tena ni majimaji. Huishika dhahabu na kuiacha michanga. Halafu mtu huiunguza zebaki ili dhahabu ibaki. Zebaki haipotei. Nyingine hupanda kama moshi na kuingia katika mapafu ya anayeunguza na ya walio karibu naye. Nyingine hubaki katika marudio, na mvua huyachukua mpaka kijitoni.

Kijito hicho kinakwenda wapi? Rudini kwenye paa letu. Upande wa kaskazini wa Geita, kinakwenda Ziwa Victoria. Lakini maji ya upande wa Rwamagasa huelekea mto Nikonga, na Nikonga hushuka katika mabwawa ya Moyowosi, yale yale tuliyosema yameandikwa katika Mkataba wa Ramsar. Mbele yake liko Ziwa Tanganyika, ambalo ni mali ya nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Watafiti waliokwenda Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta zebaki katika tope la vijito vilivyo karibu na mialo.

Nimesema ardhi oevu huchuja tope. Ni kweli. Lakini zebaki ikikaa katika tope la bwawa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza ikawa sumu kali zaidi. Sumu hiyo huingia katika samaki wadogo. Samaki mkubwa hula wadogo wengi, na mtu humla yule mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mama yake.

Jambo hili si la kubuni. Huko Japani, katika ghuba ya Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Mwaka 1956 ugonjwa ulitangazwa. Watu walitetemeka, wengine wakashindwa kuona vizuri, kutembea na kusema, na watoto walizaliwa wakiwa wamedhurika. Walikuwa wamekula samaki tu. Mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kupunguza zebaki, na ukapewa jina la Minamata ili mji huo usisahauliwe. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

DAGASHIDA YA MATAIFA

Wazee wa Kisukuma hawahitaji kufundishwa namna ya kutunza mali ya wengi. Mnaijua ngitili. Ni malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Hapakuwa na waya wala askari. Palikuwa na mapatano, na aliyeyavunja aliitwa mbele ya dagashida, akatozwa faini. Wakati wa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ngitili nyingi zilifufuliwa na miti ikarudi mahali palipokuwa uwanda mtupu.

Mataifa nayo yamejaribu kuwa na dagashida yao. Mwaka 1999 nchi za Naili zilianzisha ushirikiano wao mjini Dar es Salaam. Ofisi yake iko Entebbe. Mwaka 2003 nchi za Afrika Mashariki zilitia sahihi itifaki ya kulitunza bonde la Ziwa Victoria, na kamisheni yake iko Kisumu. Mwaka huo huo nchi nne za Ziwa Tanganyika zilitia sahihi mkataba wao, na mamlaka yake iko Bujumbura. Kule Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 katika mto Kagera, na Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana umeme huo sawasawa.

Mwaka 2010 mkataba mpya wa Naili ulianza kutiwa sahihi Entebbe. Unasema kwamba kila nchi itumie maji kwa haki na kwa kiasi, wala isimdhuru mwenzake. Ulianza kuwa na nguvu ya sheria mwezi wa Oktoba 2024, baada ya nchi sita kuuridhia, Tanzania ikiwa mojawapo. Misri na Sudani hazijakubali. Basi dagashida hiyo bado ina viti vitupu. Lakini mazungumzo yenye viti vitupu ni bora kuliko ugomvi.

KAZI YAKO WEWE

Utasema, "Mambo haya ni ya marais na mawaziri. Mimi ni mkulima, au mchimbaji, au mama lishe. Nifanye nini?"

Kwanza, jua bonde lako. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji. Bonde la Ziwa Victoria lina ofisi Mwanza, la Ziwa Tanganyika Kigoma, na Bonde la Kati Singida.

Pili, jiunge na Jumuiya ya Watumia Maji iliyo karibu nawe. Sheria ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya hizo. Humo ndimo neno lako huanza safari ya kufika kwenye bodi ya bonde.

Tatu, acha mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Usilime hapo, usiweke mwalo hapo. Hiyo ni sheria tangu mwaka 2004.

Nne, mchimbaji, usiunguze zebaki wazi wala jikoni. Tumia chombo kilichofunikwa chenye bomba la kurudisha zebaki. Utailinda afya yako, na zebaki utaitumia tena. Marudio yaweke katika shimo lililozungushiwa ukuta, mbali na kijito.

Ukifanya hivyo, mjumbe wa Tanzania anapokaa Entebbe au Bujumbura na kudai haki ya maji ya kunywa ya Shinyanga, hatakuwa na aibu. Ataweza kusema, "Tunachukua fungu letu, na tunayowaachieni ni safi." Mwenye kudai haki yake na huku anachafua ya mwenzake, nani atamsikiliza?

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Mvua inayonyesha kijijini kwenu huingia mto gani? Mto huo huishia wapi? Chora ramani yake.

2. Kwa nini Tanganyika ilikataa mapatano ya 1929, na ilikubali nini badala yake?

3. Familia yenu hutumia madebe mangapi kwa siku? Hesabu madebe ya watu wote wa darasa.

4. Mwenye mwalo asema, "Nikiuhamisha mita 60 kutoka kijitoni, nitalipa zaidi kwa kuchota maji." Wa kijiji cha chini asema, "Usipouhamisha, watoto wangu watakunywa sumu." Wawili wasimame na kutetea kila upande. Darasa liamue kama dagashida.

Mwalimu wa darasa, andika uamuzi wenu katika daftari. Somo lijalo tutaanzia hapo. Kwa herini, ndugu wanafunzi, na kazi njema.